Mguu Unaotafuta Ardhi

...lakini kwenye kioo mguu haushuki, unapanda, maana ndani ya kamera dunia yote imekaa kichwa chini, injini imelalia mgongo, moshi unamwagika kuelekea chini, vilima vya Tinderet vimening'inia na misitu yao, na huo mguu mmoja mtupu unapapasa juu, juu kabisa, ukitafuta ardhi ambayo kwenye kioo imekuwa dari, na Obonyo amejifunika kitambaa cheusi mpaka kiunoni, jasho linamchuruzika na asubuhi yenyewe ni ya baridi ya stesheni ya Lumbwa, ukungu haujaondoka hata kwenye majani ya kando ya reli, ameshika skrubu ya kusogezea lenzi na haizungushi, anajifanya tu anaizungusha, kwa sababu mtu aliye chini ya kitambaa hakuna amwonaye uso, na uso wake sasa hivi haufai kuonwa na mtu. Ni yeye. Ni mama wa mkewe Loice. Angekuwa mwanamke mwingine yeyote katika wote wanaopanda gari Kisumu na Kibos na Muhoroni, na wako wengi jamani, gari halikosi wanawake, lakini hapana, kidole kidogo kimelala juu ya mwenzake, kisigino kina ule ufa mrefu, juu ya kifundo kuna bangili ya chuma iliyoliwa na miaka, na miguu hiyo Obonyo anaijua kuliko anavyoijua yake mwenyewe, kwa sababu tangu awe mkwe hajapata kutazama kitu kingine cha mama huyo, mkwe mwenye adabu husimama mbali, huinamisha macho, husalimia udongo, na kwenye udongo ndipo miguu ilipo... uso wake ukimwuliza leo hawezi kukueleza ukoje, lakini miguu, ah, miguu angeitambua sokoni, angeitambua gizani, na leo imemchukua muda wote huu kuitambua kwa sababu ilikuwa kichwa chini na yeye alikuwa anacheka.

"Obonyo! Wewe nalala ndani?" hiyo ni sauti ya Bwana Hollis, karibu kabisa na sikio, na Obonyo anajibu, "Bado kidogo, Bwana, kioo hakijatulia," na ni uongo, kioo kimetulia zamani, kimetulia kupita kiasi, kila ufito wa kile kikapu cha mama unahesabika, lakini akisema kimetulia itabidi achomeke sanduku la bamba la kunasia picha nyuma ya kamera, na bamba likishaingia kioo kinazibwa, hataona tena, atabaki na ule mpira wa kufyatulia mkononi akingoja kuambiwa minya, naye hataki kuminya na hataki kuacha kuona na hataki kuona, sasa anataka nini, mtu mzima wa miaka yake anayeitwa Phelix kanisani na Obonyo nyumbani, anataka nini hasa chini ya kitambaa... "Gari ingine nakuja sasa hivi," anasema Bwana, "tazama, ishara nashuka," na anaruka ruka kwa furaha, Obonyo anayasikia mabuti yake kwenye kokoto, maana Bwana Hollis ni meneja wa mashamba ya chai upande wa Kericho, lakini chai anaisimamia tu, anachokipenda ni garimoshi, wenzake Jumapili wanakwenda kuwinda au kunywa, yeye anapakia kamera na miguu yake mitatu kwenye motokaa, na Obonyo nyuma amekumbatia sanduku la mabamba lisigongwe, wamekwenda naye kila kona ya reli hii ya mlimani, wamelala kwenye nyasi chini ya madaraja ya chuma kule Fort Ternan wakingoja gari la mizigo lenye injini mbili, moja inavuta mbele na moja inasukuma nyuma, limejaa pamba na mahindi, linapanda polepole likihema, na Bwana akisema sasa, na Obonyo akisema bado, Bwana, ngoja moshi uinuke ndiyo behewa la mwisho lionekane, na kweli moshi ukiinuka behewa linaonekana, na Bwana anapiga paja kwa furaha, kwa kuwa tangu mikono yake ianze kutetemeka kwa homa ni Obonyo anayepiga, Obonyo aliyefundishwa na padre wa misheni kutia dawa na kuosha bamba, na wageni wakija nyumbani Bwana huwaambia, huyu ni macho yangu. Macho yake! Na Obonyo siku hiyo alitembea kifua mbele mpaka kambini, akamwambia Loice, naye Loice akiwa anapepeta akauliza tu, na ya kwako yako wapi.

Picha ya leo Bwana ameiota miaka mingi, ndiyo maana amekuja na mabamba mapya. Gari lililopanda kutoka Kisumu, mabehewa ya mizigo mengi na moja la abiria wa daraja la tatu limefungwa mkiani, limesimama stesheni lipishane na gari la abiria la kutoka Nairobi, na kamera imewekwa ng'ambo ya pili, upande usio na platifomu, karibu na mkia, ili magari yote mawili yaingie kwenye picha moja, hili limesimama, lile linapita kwenye njia hii iliyo tupu hapa mbele... vizuri, kila kitu vizuri, ila gari la leo ni refu, behewa la mkiani limebaki nje ya platifomu, na mlango wake wa upande ule lazima watu wameziba na magunia yao, wanavyozoea, kwa hiyo mlango uliofunguka ni wa upande huu, na aliyetoka ni mwanamke mmoja, kinyumenyume, anavyoshuka mtu ambaye hajazoea ngazi, mikono miwili kwenye vyuma vya mlangoni, kikapu kimeng'ang'aniwa kwenye kiwiko, nguo imenasa kwenye komeo la mlango na kupandishwa juu, na mguu mmoja umetangulia kutafuta ardhi, na ardhi haipo, iko chini mno, mabehewa haya yametengenezwa kwa watu wa kushukia kwenye platifomu, siyo kwenye kokoto. Ndivyo Obonyo alivyomkuta kwenye kioo, kichwa chini, bado kiza kiza maana lenzi ilikuwa imelengwa injini, akaona kitu kinaning'inia, akaona na shada linabembea huku na huku, mkia, akasema moyoni, mkia huo, na akacheka. Alicheka kwa sauti. Si kucheka kwa kushikwa na kikohozi, alicheka kabisa, tumbo likamtikisika na kitambaa kikatikisika, na Bwana akauliza nini, nini iko, na badala ya kusema hakuna kitu, Bwana, badala ya kunyamaza tu, kitu rahisi kuliko vyote duniani, akatoa kichwa na kumpisha Bwana, karibu, Bwana, tazama mwenyewe. Alimpisha! Alimshikia kitambaa! Na Bwana akaingiza kichwa chake chekundu, akatazama, naye akacheka, ha ha ha, kama kuku anayefukuzwa, akatoka anafuta machozi, akasema, "Mzuri sana. Hapana toa huyo mama. Gari ingine nafika, mama naning'inia, yote moja picha. Wageni yangu tacheka mpaka choka." Kisha Obonyo akarudi ndani, akasogeza lenzi kutoka injini mpaka behewa la mwisho kama alivyoagizwa, kidogo, kidogo tena, na ukungu wa kioo ukajikusanya ukawa kikapu, ukawa bangili, ukawa kidole juu ya mwenzake.

Na Loice asubuhi alimwambia. Akiwa amemweka mtoto begani anamcheulisha, alisema, mama huenda akafika leo au kesho, ukimwona stesheni usimpite, na yeye akajibu kwa haraka zake, nitamwonaje na mimi niko kazini, mama yako atapanda gari zuri la mchana, nilimtumia salamu aje na gari zuri... alituma salamu, ndiyo, alituma kwa mtu wa kazi kule Sotik aliyekuwa anarudi kwao, kwamba mwambie mama Loice mkwe wake siku hizi ni mtu wa picha, kwamba akija atakalishwa kwenye kiti na picha yake ya kwanza atapigwa na mkwe mwenyewe, maneno makubwa, na mama amekuja na gari la mizigo, bila shaka amepanda lile lililokuja kwanza ili asimwachie binti yake njaa ya uzazi, na kwenye kikapu ni unga wa uji wa mzazi, ni samli, hakuna mama anayekuja mikono mitupu kwa binti aliyejifungua, na picha yake ya kwanza ndiyo hii. Hii hapa. Imeiva kwenye kioo, inangoja bamba.

Anasema kitu. Mama anasema kitu, sauti yake inafika mpaka chini ya kitambaa, yuko karibu hivyo, hatua za kuvuka njia moja ya reli tu, anasema kwa lugha yao, si kwa mtu fulani, "Jamani, chini kuko wapi?" na ndani ya behewa hakuna anayemjibu, waliokuwamo wamelala, na mguu unazunguka, unagusa gurudumu, unaogopa, unarudi. Basi mfunike, ee Mungu, nguo ile ingenasuka tu. Lakini haijanasuka, na shada liko pale, na Obonyo anajua vizuri sana linaitwaje, hakuna haja ya kuliita mkia, ni chieno, shada la nyuzi ambalo mwanamke aliyeolewa hujifunga kiunoni kwa nyuma, na nyumbani kwao mwanamume hata kuligusa kwa bahati mbaya akipita ni jambo la kuitiwa wazee, la kuchinjiwa, siyo la kuchekewa, nani kamfundisha kulichekea? Anajua nani. Darasani misheni, walikuwa wamekaa kwenye mbao, wavulana wa kaptula mpya, na mwalimu akajifunga kamba nyuma akatembea akiitikisa, akiuliza, mkristo ana mkia, na wao wote wakaitikia hana, wakacheka mpaka wakaanguka, na yeye alicheka kuliko wote ili aonekane ameelewa kuliko wote, na jioni alipofika nyumbani mama yake mzazi alikuwa ameinama jikoni anapuliza moto, na shada liko pale pale lilipokuwa siku zote, na yeye akageuza uso. Mama yake akamwuliza, macho yanakuuma? Akasema moshi. Mama yake alizikwa nalo.

"Wee Obonyo!" na hiyo sasa si Bwana, ni Zacheus Nganga, yuko nyuma kule kwenye mkono wa pointi, ule wa kugeuzia njia za reli, mtu wa upande wa Nyeri, amepigwa baridi hizi za Lumbwa mpaka sauti imekwaruza, "wee Obonyo, huyo mama si mtu ya kwenu? Mwambie na Kijaluo arudi ndani! Stesheni ya Kedowa walishapiga kengele kitambo, hiyo gari itaingia saa yoyote, na inapita hapo hapo!" na Zacheus anaita tena, "Mimi siwezi wacha hii pointi, nikiiwacha ni mambo ingine! Unamjua ama humjui?" na kutoka chini ya kitambaa, kwa sauti ambayo hakuiita yeye, sauti imejitokea tu, Obonyo anasema, "Simjui."

Simjui. Neno moja tu, na limetoka jepesi hivyo. Aliyekula kuku wa mama huyo, aliyepewa mtoto wa mama huyo, simjui. "Wacha yeye, Zacheus," anasema Bwana, "hapana sumbua mama," na anacheka tena kidogo, na Obonyo anajiambia, lakini nina sababu, sikiliza, nina sababu, si uoga huu, nikimwita atajua ni mimi, na akijua ni mimi ataachia chuma. Ni kweli. Hilo ni kweli kabisa, hajalibuni. Mwaka ule wa kwanza alifika kwao bila kutangulizwa na mtu, akamkuta anarudi na maji ya kukandikia ukuta wa jiko, nguo ameikunja juu ya magoti, mtungi wa maji kichwani ndiyo kwanza autoe kisimani, na mtoto akapiga kelele mkwe huyo, na mama hakungoja kuutua mtungi, aliachia mikono yote miwili ashushe nguo, mtungi ukapasuka vipande vipande miguuni kwake, maji na udongo, na yeye Obonyo akasimama akitazama vile vigae na hiyo miguu iliyolowa, na mama akasema, karibu, mwanangu, kama hakuna kilichotokea. Mtungi ule ulikuwa wa mama yake, Loice alimwambia baadaye. Kwa hiyo akisikia sauti ya mkwe, mkono utaachia chuma ushushe nguo, hataufikiria, utakwenda wenyewe, na ataanguka kwa mgongo kwenye reli tupu na gari la Nairobi linakuja, basi bora anyamaze, bora amwache aning'inie salama, bora... na anajisikia akisema bora, bora, na anaona aibu ya kujisikia, kwa sababu sababu hiyo ni nzuri mno, ni sababu ya kupendeza, inamfaa yeye kuliko inavyomfaa mama, inamwachia hapa hapa gizani akiwa mkwe mwenye adabu, huku mama anazeeka kwenye vyuma.

Mikono ya mama imeanza kuchoka. Kwenye kioo inaonekana, kioo hakifichi kitu, mkono wa kulia umeteleza, umejishika tena chini zaidi, kikapu kimeshuka mpaka kwenye ngumi, na bado hakiachii kikapu, mama huyu, angekitupa tu, angekitupa na akashika vizuri, lakini unga wa mzazi hautupwi. Na Obonyo anaona haya mpaka masikio yanawaka, kuona haya kwa mkwe, ndivyo anavyofikiri, nimemwona mama mkwe, nimeona nisichopaswa kuona, nitamwambia nini Loice, nitakula nini nyumba moja na mtoto anayefanana na bibi yake, na anaigeuza aibu hiyo huku na huku kama mtu anayetafuta mahali pa kushikia mzigo, na hapashikiki, kuna kitu hakikai sawa, kwa sababu alicheka kabla. Alicheka hajamjua. Alipocheka hakuwa mama mkwe, alikuwa mwanamke tu, mtu mzima aliyening'inia kwenye mlango na hana wa kumshika, na yeye Obonyo hakuona haya hata kidogo, aliona raha, alimwita mgeni aje atazame. Ingekuwa kidole hakikulala juu ya mwenzake, saa hizi bamba lingekuwa limeshaingia. Angeminya. Angeosha picha usiku kwenye chumba cha giza chenye taa nyekundu, angeibandika kwenye kitabu cha Bwana, na wageni wangecheka, naye angesimama pembeni na sinia ya chai akitabasamu, macho yangu, huyu ndiye macho yangu, na mama wa mtu fulani angebaki amening'inia humo mpaka karatasi ioze, na mkwe wake fulani, mahali fulani, Homa Bay, Asembo, popote, asingejua, na hakuna ambaye angeona haya. Basi kosa si kwamba ni huyu. Kwamba ni huyu ni bahati tu, pengine ni bahati njema, kwa maana Mungu amemletea aliye wake ili amtambue, wale wengine asingewatambua kamwe... na wako wangapi? Wale wanawake wa kuni chini ya daraja, walioinama, Bwana alisema wacha wao, wanaonyesha ukubwa ya daraja, na yeye akawalenga. Yule mzee wa Kikipsigis aliyeomba asipigwe, akaficha uso kwa ngozi yake, na yeye akangoja mpaka mzee akachoka kuficha. Alijivunia subira yake siku ile! Mungu wangu, alijivunia.

Honi. Mbali, kule kwenye kona ya juu, ndefu, kisha fupi, gari la Nairobi hilo, reli tupu iliyo mbele ya miguu ya kamera inaanza kuimba kwa chini chini, wimbo wa chuma ambao mtu huusikia kwa nyayo kabla ya masikio, na Bwana anasema, "Sasa! Tia bamba! Obonyo, tia bamba!" na Zacheus anapiga kelele kwa Kikuyu na Kiswahili kwa pamoja, na mama amesikia, mgongo wake umekakamaa, amejibana kwenye mlango, hajui gari linakuja upande gani, mguu umerudi juu umekosa kidato cha ngazi, umeshuka tena, na Obonyo anajiambia, mikono yake itaachia nikimwita, itaachia kwa kuchoka nisipomwita, na anawaza tena, polepole sasa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anawaza kama mtu anayemfikiria mwenzake, ataachia chuma kwa sababu ya macho yangu. Siyo sauti. Ni macho. Anachofunika anakifunika macho yasione. Basi macho yasiwepo.

Anatoa kichwa kwenye kitambaa. Mwanga unampiga, na dunia inageuka ghafla, vilima viko juu, ardhi iko chini, na kabla macho hayajamfikia yule aliye mlangoni ameshageuka, amempa mgongo, anamtazama Bwana Hollis uso kwa uso, na Bwana ameshika sanduku la bamba anamnyoshea, mdomo wazi, "Nini hii? Wapi nakwenda?" na Obonyo hapokei, anakwenda kinyumenyume, unyayo unatafuta reli ya kwanza, unaipata, inatetemeka, anaivuka, mbao, kokoto, reli ya pili, anaivuka, hajageuza shingo hata kidogo, amewakodolea macho Bwana na kamera yake na majani ya nyuma yao na ng'ombe wawili wa Kikipsigis juu ya kilima wanaokula kama siku zote, na mgongo wake unaligusa behewa, chuma baridi, anapiga magoti nusu, anaweka bega chini ya mahali ambapo mguu lazima utakuwa, na anasema kwa lugha yao, kwa sauti yake mwenyewe, "Mama, chini kuko hapa. Kuna bega. Kanyaga. Sikuoni, nimetazama milima."

Juu yake kikapu kimeacha kugongana na mlango. Anausikia mguu ulipo, karibu na sikio, unanuka vumbi la barabara na samli, na haukanyagi, umesimama hewani, na gari la Nairobi limepiga honi ya pili, liko kwenye kona, halijaonekana bado, na Bwana anasema mambo mengi kwa lugha yake ambayo leo Obonyo hayafasiri. Atasema asante, anafikiri. Ataniuliza ukoo, nitamtajia ukoo mwingine, nitaondoka kabla hajageuka, Loice hatajua, ndiyo, hilo lawezekana kabisa, mlango huo bado uko wazi, na anauona ulivyo wazi, na anauona ulivyo mchafu.

"Yule aliyekuwa anacheka," mama anasema kutoka juu, bila hasira, kama mtu anayeulizia njia, "yule wa ndani ya nguo nyeusi. Ameondoka?"

Na hapo ndipo anaelewa kwamba alisikia. Bila shaka alisikia, yuko hapa hapa, alisikia cha kwanza na alisikia cha pili, alikuwa ananing'inia anatafuta ardhi na huku anasikiliza wanaume wawili wanavyofurahi. Obonyo ameikazia macho milima. Anaweza kusema ameondoka.

"Hajaondoka, mama. Yuko hapa. Ni mimi, Obonyo, wa Loice."

Anangoja mkono uachie chuma. Hauachii. Anangoja kilio, au lile neno ambalo mzazi akilisema halirudi, na hakuna, kuna pumzi tu, inaingia, inatoka, pumzi ya mtu mzima aliyechoka, na reli inaimba kwa nguvu sasa, na mguu uko pale pale karibu na sikio lake, unafikiri. Kisha unatua begani mwake, kisigino kwanza, kwa uzito wote, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.